Walichanga nikapona. Naweza kuwaomba tena ili nikakimbie?

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni muuguzi mstaafu aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kitengo cha kusafisha damu.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 34. Figo zangu zote mbili zilishindwa kazi kwa sababu ya presha niliyokuwa nayo bila kujua. Nikawa mtu wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mpaka dada yangu mkubwa alipojitolea figo yake moja tukafanyiwa upandikizaji Dodoma. Gharama zilichangwa na ukoo, walimu wenzangu, usharika wetu na hata wazazi wa wanafunzi.

Huu ni mwaka wa tatu. Daktari aliniambia nitembee, nikatembea, kisha nikaanza kukimbia taratibu njia ya Kigurunyembe alfajiri. Sasa kilomita 5 nazimaliza kwa dakika 26. Nimesikia kuna michezo ya dunia ya watu waliopandikizwa viungo, na inayofuata ni Leuven, Ubelgiji, mwaka 2027. Natamani kwenda na dada yangu. Nimepiga hesabu, tunahitaji kama shilingi milioni 9.

Nilipoligusia jambo hili kwenye kikao cha familia, shemeji yangu, mume wa huyo dada, alisema: "Watu waliuza mbuzi ili upone, sasa unataka wauze ng'ombe ukatembee Ulaya?" Wote wakanyamaza. Tangu siku hiyo naona aibu kulitamka. Mama naye anaogopa kwamba nikikimbia sana figo itachomoka. Je, ni haki kuomba tena? Na kama ni haki, nianzie wapi?

*Mwalimu Mkimbiaji, Morogoro*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni haki. Nalisema hili mwanzo kabisa ili usome yaliyobaki bila moyo kudunda.

Sisi tuna kadi ya mchango wa harusi, ya kipaimara, ya msiba na ya ugonjwa. Mtu akiwa kitandani tunajua la kufanya, na tunalifanya vizuri kuliko watu wengi duniani. Lakini akishapona hatuna kadi yake. Tunamwambia "Mungu mkubwa," tunarudi nyumbani, na yeye anabaki na hisia kwamba afya yake ni mali ya wachangiaji, kwamba akicheka sana au akinunua viatu vizuri atakuwa amewatukana. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Walirudi kliniki wakiwa na rangi nzuri, kreatinini nzuri (kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi), lakini wanaishi kwa kujificha. Watu walichanga ili uishi, mwalimu, na hukupewa afya ile kwa masharti ya kuishi nusu.

Ila usimkimbilie shemeji yako kwa hasira. Mkumbuke aliyelala kwenye meza ya pili siku ile: ni mkewe. Yeye ndiye aliyekaa kwenye benchi la nje akisubiri watu wawili, na inawezekana hata leo mkewe akilalamika mgongo tu, yeye anawaza ile figo moja iliyobaki. Katika kazi yangu niliona jinsi waume na wake za waliotoa figo wanavyosahaulika. Mgonjwa anapongezwa, aliyetoa figo anasifiwa, na yule mwenza haulizwi hata amelalaje. Nenda kwake peke yako, usiende na kikao. Muulize anaogopa nini, umsikilize mpaka amalize. Halafu mwambie safari hii si yako peke yako: katika michezo hiyo watu waliotoa viungo wakiwa hai nao wana nafasi ya kushindana. Dada yako anaweza kuvaa namba kifuani kama wewe. Hilo linabadilisha mazungumzo, kwa sababu sasa anayetakiwa kuamua pamoja nanyi ni yeye na mkewe.

Sasa hofu ya mama. Mweleze hivi: figo ya dada haikuwekwa mgongoni zilipo zile za kuzaliwa, ambazo kwa kawaida huachwa mahali pake. Imewekwa chini ya tumbo kwa mbele, upande mmoja, karibu na nyonga. Mishipa yake imeshonwa kwenye mishipa mikubwa ya hapo, na mrija wake wa mkojo kwenye kibofu. Kidonda kikishapona, kukimbia hakuichomoi. Hatari yake ni kupigwa pale, kwa sababu haina mbavu za kuikinga. Kwa hiyo kama bado unaingia uwanjani na vijana wa darasa la saba kucheza mpira, acha. Goti moja la mtoto asiyejua lolote linaweza kuharibu kazi ya madaktari wote wale.

Najua utaniambia habari za Ivan Klasnić, maana wapenzi wa mpira huwa hawamsahau. Ni kweli. Mshambuliaji huyo wa Croatia alipandikizwa figo mwaka 2007. Ya kwanza, ya mama yake, ilikataliwa na mwili, kisha akapata ya baba yake, na mwaka 2008 akaifungia Croatia bao dhidi ya Poland kwenye Kombe la Ulaya. Lakini yule alikuwa mchezaji wa kulipwa, alivaa kinga maalumu na alikuwa na madaktari pembeni ya uwanja. Wewe una mbio, na mbio zinakutosha.

Jambo lingine la mazoezi, na hapa nazungumza kama muuguzi mkali: maumivu ya misuli baada ya kukimbia yasikupeleke duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zinauzwa kama pipi lakini zinaumiza figo, na wewe unayo moja inayofanya kazi. Panadoli inatosha, na isipotosha mwone daktari wako. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Usipime kreatinini asubuhi ya siku moja baada ya mbio ndefu kisha ukapata kiwewe, kwani misuli iliyochoka inaweza kuipandisha kidogo. Mwambie daktari ulikimbia lini ili ajue anachokisoma.

Niingie kwenye michezo yenyewe, kwa sababu utakayemwomba mchango atakuuliza ni kitu gani hasa. Ilianza Portsmouth, Uingereza, mwaka 1978, na aliyeianzisha ni daktari wa upasuaji wa upandikizaji, Maurice Slapak. Walikuja washindani kama 100 hivi. Alitaka watu waone kwa macho yao kwamba aliyepandikizwa kiungo anaweza kurudi kwenye maisha kamili, ili familia nyingi zaidi zikubali kutoa viungo. Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Afrika iliwahi kuipokea, Durban, mwaka 2013. Ilikwenda Perth mwaka 2023 na Dresden mwaka 2025. Wapo wenye figo, ini, moyo, mapafu na uboho wa watu wengine. Kuna riadha, kuogelea, baiskeli, mpira wa vinyoya, tenisi ya meza na mingine mingi, na medali hutolewa kwa makundi ya umri, wanaume na wanawake mbali mbali. Kwa miaka yako utakuwa kundi la 30 hadi 39. Dakika 26 si muda wa kuonea haya.

Sharti kubwa ni la kitabibu. Uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu upandikizaji, kiungo kiwe kimetulia, na daktari wako ajaze na kusaini fomu kwamba unafaa kushindana. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumwona hata kabla ya kuchapa kadi ya mchango ni daktari wako wa figo. Akikuambia "subiri," subiri. Kisha liandikie Shirikisho la Michezo ya Dunia ya Waliopandikizwa, ueleze kwamba unatoka Tanzania, uulize uandikishwe kwa utaratibu gani, kwa sababu kwa kawaida washiriki huja kupitia chama cha nchi yao. Na ukishapata majibu, nenda Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Timu za nchi yetu zinazokwenda nje hupita kwao, na ukibahatika kukabidhiwa bendera, hiyo picha itakuchangishia kuliko maneno yangu yote.

Sasa fedha. Kabla hujaomba shilingi ya mtu, tenga fungu la dawa. Umeniandikia mambo mengi ila hukutaja dawa, na hilo limenisumbua. Takrolimusi, maikofenoleti na prednisoloni, zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, huzikatizi hata siku moja, uwe Morogoro au Leuven. Weka akiba ya dawa na vipimo vya miezi kadhaa kwenye akaunti ambayo kamati haiigusi, na mtu yeyote asiigeuze nauli, hata iwe imebaki wiki moja na tiketi inapanda bei. Nimeshuhudia mwili ukikataa figo kwa sababu mtu aliruka dozi ili alipe karo. Naomba nisisikie mtu ameruka dozi ili alipe ndege.

Hesabu yako ya milioni 9 uivunje vipande, kila mtu aione: tiketi mbili, ada ya ushiriki, malazi, chakula, viza, bima, vipimo vya kabla ya safari, na akiba ya dharura. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ubelgiji na nchi nyingine nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, na ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usisubiri mwezi wa mwisho. Bima ya safari inayotakiwa ni ya kiwango kisichopungua euro 30,000, na hapa pana mtego. Bima nyingi za bei nafuu hazilipi ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri. Ubalozi unaweza kuikubali karatasi hiyo, lakini ukipata homa kule ukalazwa, utaachiwa bili mikononi. Sema wazi kwa wakala kwamba umepandikizwa figo, na jibu lake ulitake kwa maandishi. Itakuwa ghali zaidi. Iweke kwenye bajeti hivyo hivyo, wala usiipunguze ili jumla ipendeze.

Namna ya kuomba ndiyo imeubeba moyo wangu tangu nilipofungua barua yako. Omba kama mwanamichezo. Usitumie picha ya siku zile ukiwa na mirija shingoni. Najua picha zile hukusanya fedha haraka, lakini zilishafanya kazi yake, na mtu akichanga kwa kukuhurumia atakushangaa akikuona unakimbia. Piga picha umevaa raba, jasho linatiririka, saa mkononi inaonyesha 26. Andika: mimi ni mwalimu, nakimbia kilomita 5, nakwenda kuiwakilisha nchi, nahitaji kiasi hiki, nimeshapata kiasi hiki. Habari ya ugonjwa iwe sentensi mbili.

Habari ya dada yako isiwe hata sentensi moja mpaka yeye mwenyewe akubali. Mwili ni wake. Mitaani kuna watu watamuuliza alilipwa shilingi ngapi, na swali hilo linaumiza kuliko kisu. Akisema hataki kutajwa, wewe sema "ndugu yangu" basi, na safari iendelee.

Usikae na fedha wewe. Unda kamati ndogo, watu watano wanatosha, mweka hazina awe mtu ambaye hata shemeji yako anamwamini. Kwa kweli, kama mazungumzo yenu yatakwenda vizuri, mwombe shemeji awe yeye. Namba ya kupokelea michango iwe moja, na kila Jumapili jioni jumla ibandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Wale waliotoa ahadi wakumbushwe mara mbili, wasiandamwe. Wale waliochanga sana wakati wa ugonjwa wapelekee taarifa tu, tena nyumbani kwao, usiwape kadi. Atakayetaka kutoa atatoa. Nguvu yako ielekeze kwa watu wapya.

Na hao wapya wapo. Siku hizi kila mji una klabu za jogging, na Morogoro hamkosi. Waombe muandae mbio za asubuhi za kilomita 5, mwanzo na mwisho Uwanja wa Jamhuri, kiingilio kiwe na fulana, na mlangoni pawe na meza ya kupima presha bure. Nasisitiza meza hiyo. Presha iliyokumaliza figo haikuwa na dalili, na pale uwanjani patatokea kijana wa miaka thelathini atakayesomewa namba kubwa kwa mara ya kwanza maishani. Maduka ya dawa, maabara binafsi, kampuni za mabasi na benki za mjini huchangia jambo la namna hiyo kwa urahisi kuliko wanavyochangia nauli ya mtu.

Kitu ambacho kamati nyingi husahau: andikeni kwenye kadi, tangu siku ya kwanza, fedha zitakwenda wapi usiposafiri. Inaweza kutokea. Kreatinini ikapanda mwezi mmoja kabla, viza ikanyimwa. Watu wakijua mapema kwamba fedha zitawalipia wagonjwa wa Morogoro nauli za kwenda kusafishwa damu, kwa mfano, hakuna atakayewasema. Msipoandika, hata mkirudisha kila senti mtaitwa wezi.

Mambo ya safari niyapitie haraka. Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza, na uchukue za ziada za wiki mbili. Ubelgiji majira ya joto wako nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo dozi yako ya saa mbili asubuhi itakuwa saa moja ya kule. Usibadilishe kitu, meza kwa saa ya Morogoro. Balungi usiliguse, wala juisi yake, linapandisha takrolimusi kwenye damu. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai na kwako hairuhusiwi, basi daktari akuandikie cheti cha kusamehewa kabla hujasafiri, hasa kama ndege itakulaza Addis Ababa au Nairobi njiani. Usikubali kuchomwa uwanja wa ndege kwa sababu afisa ana haraka. Na prednisoloni ya vidonge imo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, ya dawa zisizoruhusiwa wakati wa mashindano, kwa hiyo dawa zako zote ziandikwe kwenye fomu za kitabibu na uulize mapema kama unahitaji kibali.

Nina moja zito la kukuambia, na nakuambia kwa kuwa wewe ni mtu mzima na umeshayapita makubwa. Figo ya ndugu aliye hai mara nyingi hudumu miaka 15 hadi 20, nyingine zaidi, nyingine pungufu. Jonah Lomu, yule jabali wa raga wa New Zealand, alipandikizwa mwaka 2004 na figo ile ikashindwa mwaka 2011. Alonzo Mourning wa mpira wa kikapu alipandikizwa mwishoni mwa 2003, akatwaa ubingwa wa NBA na Miami Heat mwaka 2006. Hakuna daktari anayeweza kukuambia ya kwako iko upande gani. Ndiyo maana sikubaliani na wale watakaokuambia "tulia kwanza, utakwenda miaka ijayo." Una miguu leo, una kreatinini nzuri leo, na dada yako ana afya ya kukimbia kando yako. Kamwone daktari wiki hii.

Halafu niandikie shemeji amesemaje.

SWALI

Habari mama. Ofisini kwetu Mwanza imepita karatasi ya kumchangia kijana aliyepandikizwa ini nje ya nchi, anataka kwenda kushindana kuogelea. Napenda kutoa lakini matapeli wamezidi. Nitajuaje kwamba ni kweli? Je, nidai vyeti vyake vya hospitali?

*Mhasibu, Mwanza*

JIBU

Vyeti vya hospitali usidai. Faili la mgonjwa ni siri yake, na fadhili ya shilingi elfu ishirini hainunui haki ya kulisoma. Dai vya safari: uthibitisho wa kuandikishwa kwenye michezo ukiwa na jina lake, bajeti, na majina ya kamati yenye watu wasiopungua watatu unaoweza kuwapigia. Piga kweli, usiishie kuona namba. Kama ofisi yenu inachanga fungu kubwa, lipeni moja kwa moja kwa wakala wa tiketi au ada ya ushiriki, mpewe risiti yenye jina la kijana. Mkweli atashukuru kwa utaratibu huo. Anayesisitiza fedha zipite kwenye simu yake mwenyewe, leo hii, kabla ya saa kumi, mwacheni.

Na kama ni wa kweli, mhasibu, msaidie pia kwa ujuzi wako. Mtengenezee hesabu zake za mapato na matumizi. Watu wa namna yake wanakosa mtu wa kuwaandikia taarifa safi kuliko wanavyokosa fedha yenyewe.